Jino la Mbwa na Mzizi Wake

Katika nyumba zetu za huku Ngara na Biharamulo, mbwa na paka hawahesabiwi pamoja na mifugo. Mtu akiulizwa ana mifugo gani, atataja ng'ombe, mbuzi na kuku, na mbwa wake amelala karibu ya miguu yake asitajwe. Hata hivyo, fisi akija zizini usiku, mbwa ndiye abwekaye. Mahindi yakikomaa, mbwa ndiye akimbizanaye na ngedere na nyani. Na maharage yakiwekwa ndani, paka ndiye ayalindaye na panya. Wote wawili silaha yao ni moja tu, nayo ni meno. Jembe la mkulima likivunjika hupelekwa kwa mhunzi. Jino la mbwa likivunjika, ni nani alitazamaye?

Nimeona vema kuandika habari hii kwa sababu iko elimu juu ya meno ya wanyama hawa ambayo imekwisha kufika mijini, lakini vijijini bado. Tena elimu yenyewe haimfai mbwa peke yake. Yaweza kumwokoa na mtu pia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alisomea uganga wa wanyama Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Masomo hayo ya uganga wa wanyama yalianza pale mwaka 1976, wakati mahali hapo palipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 pakawa chuo kikuu chenye kujitegemea. Sasa kijana huyu afanya kazi mjini, mbali na kwetu, na wengi wa wagonjwa wake ni mbwa na paka. Alipokuja likizo, jioni moja baada ya kula, alinionyesha picha katika simu yake. Nikaitazama, nisiifahamu. Nikamwuliza, "Hiki ni kitu gani? Ni mlima wenye mapango?"

Akacheka, akasema, "Hapana, mjomba. Hili ni taya la mbwa, limepigwa picha ya eksirei. Haya meupe ni meno. Na hili pango jeusi kwenye ncha ya mzizi, hapo mfupa umekwisha kuliwa na usaha."

"Na jino lenyewe kwa nje lilikuwaje?"

"Lilikuwa limemeguka kidogo tu, mjomba. Mwenye mbwa alidhani ni zima."

Basi tukakaa hata usiku, naye akanieleza habari hiyo tangu mwanzo. Nami nawaelezeni ninyi kama nilivyoelewa.

Picha hii haipigwi kwa mwanga wa jua wala wa taa. Hupigwa kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo hupenya nyama kwa urahisi, lakini huzuiwa na kitu kigumu kama mfupa, na zaidi na jino. Nyuma ya jino huwekwa kibamba chembamba cha kuipokea. Pale ilipopita bila kizuizi, picha huwa nyeusi. Pale ilipozuiwa, huwa nyeupe. Kwa hiyo mganga huona jino zima, kichwa chake na mizizi yake, na mfupa ulioishikilia mizizi hiyo, bila ya kukata ufizi.

Aliyegundua mionzi hii ni Mjerumani, Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Habari zake zilipotangazwa hazikuchukua hata mwezi kuwafikia waganga wa meno. Januari 1896, mganga mmoja wa mji wa Braunschweig, jina lake Otto Walkhoff, alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Hapakuwa na mashine kama za leo, hata ikambidi akae kimya bila kutikisika kwa dakika 25. Siku hizi picha ya jino haichukui hata sekunde moja. Kwa meno ya watu, basi, ujuzi huu una zaidi ya miaka mia. Kwa mbwa na paka umeenea polepole, na hasa katika miaka hii ya karibuni, tangu zilipopatikana mashine ndogo na vibamba vinavyopeleka picha moja kwa moja kwenye kompyuta.

Sasa, kwa nini picha ihitajiwe, na kinywa cha mbwa chaweza kufunguliwa kikatazamwa? Hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Mbwa aliyekomaa ana meno 42. Paka ana meno 30. Mtu ana meno 32. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utoto, na mtoto wa paka 26, nayo hung'oka yenyewe kama ya watoto wetu. Katika meno haya yote, kile kinachoonekana juu ya ufizi ni sehemu tu. Sehemu kubwa imezikwa chini, kama mhogo ardhini: wewe waona shina na majani, lakini kama mhogo umeoza, hutajua kwa kutazama majani. Chonge la mbwa, lile jino refu la mbele ambalo watu huliogopa, lina mzizi mrefu kupita ile ncha tunayoiona. Na yale meno makubwa ya kukatia nyama na kuvunjia mifupa, yale ya taya la juu, kila moja lina mizizi mitatu.

Ugonjwa huanzia mahali padogo. Mbwa hutafuna mfupa mgumu au jiwe, jino likamegeka, na ule uwazi ulio katikati ya jino, wenye damu na mshipa wa fahamu, ukafunuka. Uchafu huingia kwa njia hiyo, hushuka mpaka ncha ya mzizi, na huko hutengeneza usaha. Usaha hula mfupa kidogo kidogo. Au ukoga hujijenga kando ya ufizi mpaka ukawa mgumu kama chokaa, na ufizi huvimba, na mfupa chini yake huanza kupungua. Kwa nje waona ukoga tu. Kwenye picha waona kwamba jino limebaki limening'inia, mfupa hauko tena.

Picha huonyesha mengine pia. Huonyesha jino ambalo halikuota, limelala ndani ya taya, na huenda limezungukwa na mfuko wa maji unaolila taya. Huonyesha kipande cha mzizi kilichosahauliwa wakati jino lilipong'olewa. Huonyesha ufa wa taya la mbwa aliyegongwa na pikipiki. Jambo moja lilinishangaza sana. Mbwa akiwa mdogo, uwazi wa katikati ya jino huwa mpana, na kadiri anavyokua, jino hujijenga kwa ndani, uwazi ukawa mwembamba. Lakini jino lililokufa halijijengi tena. Basi mganga akiona katika picha ya mbwa mzee jino moja lenye uwazi mpana kupita wenzake, hujua kwamba jino hilo lilikufa tangu ujana wa mbwa, hata kama kwa nje linang'aa.

Na paka wana ugonjwa wao. Jino la paka huweza kuliwa na mwili wake mwenyewe, mzizi ukayeyuka na kugeuka kuwa mfupa. Kwa nje huenda usione kitu, au ukaona ufizi mwekundu umepanda juu ya jino kidogo. Paka huyu huumia sana. Mganga asiye na picha hawezi kujua kama mzizi bado upo, ang'oe, au umekwisha kuyeyuka, asiuchokonoe bure na kuvunja taya jembamba la paka.

Mwaka 1998 waganga wa wanyama wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, Marekani, walitangaza uchunguzi wao. Walipiga picha za vinywa vizima vya mbwa na paka. Hata kwa meno yaliyoonekana mazima kwa macho, picha zilifunua ugonjwa wa maana kwa zaidi ya robo ya mbwa wale, na kwa paka wapatao wanne katika kila kumi. Hao ni waganga wenye macho yaliyofundishwa na taa nzuri. Itakuwaje kwetu sisi, tunaotazama kinywa cha mbwa mara moja kwa mwaka, naye anatungurumia?

Najua msomaji atauliza: hospitali zetu zina mashine za eksirei, kwa nini mbwa asipelekwe pale akapigwe picha? Swali hili nami nililiuliza. Mpwa wangu alinijibu mambo mawili. Kwanza, mashine ile imewekwa kwa ajili ya wagonjwa watu, na si juu yetu kuipangia kazi nyingine. Pili, hata ukipewa ruhusa, picha ya kichwa kizima cha mbwa haitoshi. Meno ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto huangukiana katika picha moja, kama watu wawili waliosimama mmoja mbele ya mwingine, usijue ni mzizi wa jino lipi unaoutazama. Ndiyo maana kibamba kidogo hutiwa ndani ya kinywa, upande mmoja mmoja. Na mbwa hawezi kuambiwa, "Uma hapa, tulia." Atakitafuna kibamba, au atakitafuna kidole chako. Hapana budi apewe dawa ya usingizi na mtu aliyefundishwa, naye apimwe kwanza kama moyo na mapafu yake yataweza kuistahimili.

Swali la pili ni gumu zaidi, nami sitalikwepa. Mtu atasema: mzee, watu wenyewe huku hung'olewa meno bila picha, nawe watuletea habari za picha za meno ya mbwa! Ada ya shule haijalipwa, na dawa ya mtoto haijanunuliwa. Neno hili ni la haki. Simwambii mtu yeyote auze mbuzi ili mbwa apigwe picha mjini. Nisemalo ni hili: mashine hatunayo, lakini lile ambalo mashine imewafundisha waganga, twaweza kulipata sisi nasi bila kulipa senti. Nalo ni kwamba ugonjwa wa kinywa cha mnyama uko chini, mahali ambapo macho hayafiki; na kwa hiyo haifai kwa mtu yeyote kung'oa, kuchoma, wala kutia mkono kwa kubahatisha.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu. Mbwa wetu, aitwaye Simba, alivimba chini ya jicho la kulia. Uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukafunga. Baada ya majuma matatu ukavimba tena mahali pale pale. Mmoja akasema amepigwa jiwe. Mwingine akasema ni mwiba. Mwingine akasema nyoka amemtemea mate. Watoto wakawa wanasema, "Simba anaumwa jicho." Nikampigia simu mpwa wangu. Hakuniuliza habari za jicho hata kidogo. Aliniuliza, "Mjomba, anatafunia upande gani? Je, ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa? Tabia yake ni ile ile?"

Nikamtazama Simba akila. Ugali aliumeza, mfupa aliuinamisha kichwa, akauweka upande wa kushoto. Kadi ya chanjo ilikuwapo, nayo ya mwaka ule ule. Tabia yake haikugeuka: awajua watu wa nyumbani, awafuata mbuzi kama kawaida. Mpwa akasema, "Basi sina hakika, lakini nadhani ni lile jino kubwa la juu. Mizizi yake huishia karibu na pale chini ya jicho. Usaha ukikosa njia, hutokea hapo."

Bwana mifugo wa kata akaja. Alimfunga mdomo, akampa dawa ya kumtuliza, kisha akafungua kinywa na kutazama kwa kurunzi. Kweli, jino lile kubwa lilikuwa limebanduka kipande upande wa nje. Kijana mmoja aliyekuwapo akasema, "Leteni koleo, ling'olewe sasa hivi." Bwana mifugo akakataa. Akasema, "Jino hili lina mizizi mitatu. Nikilivuta zima, litakatika, na mizizi itabaki ndani. Vyombo vya kazi hiyo sina." Nilimheshimu sana kwa jibu lile. Alimdunga Simba dawa za kupunguza usaha, akatuambia tungoje mwenye vyombo.

Mpwa wangu alikuja wakati wa Noeli na vyombo vyake na dawa ya usingizi, lakini mashine ya picha hakuwa nayo. Ni mali ya kazini. Akamlaza Simba juu ya meza ya kukaushia vyombo. Alilipasua jino sehemu tatu, kila sehemu na mzizi wake, akatoa moja moja na kuweka juu ya jani la mgomba ili tuhesabu. Mzizi wa kwanza ulitoka mzima. Wa pili mzima. Wa tatu ulitoka umepungua ncha.

Akautazama kwa muda mrefu. Akaniambia, "Mjomba, hapa ndipo ninapoitaka picha. Ama ncha imebaki ndani, ama usaha ulikwisha kuila. Kwa picha ningejua dakika hii. Bila picha, nikichimba zaidi naweza kuumiza mahali pa jicho." Akaacha kuchimba, akasafisha jeraha, akashona. Miezi mingi imepita sasa, uvimbe haujarudi, na Simba hutafunia pande zote. Lakini kila nikimwona humpapasa chini ya jicho. Kungoja si kujua.

Hili la kung'oa usichokiona si la mbwa tu. Wasomaji wenye umri wanakumbuka habari za "meno ya plastiki", ambazo zilienea katika nchi yetu tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga akipatwa na homa na kuharisha, watu husema ufizi wake una meno mabaya, nao humpeleka akakatwe kwa kisu au spoku ya baiskeli. Vile vinavyotolewa ni vichanga vya meno ya kawaida ya utoto, ambavyo kila mtoto huwa navyo chini ya ufizi. Watoto wamepata vidonda, wamepoteza damu, wengine wamekufa, na ile homa yenyewe ikaachwa bila dawa. Kama watu wangeona picha ya taya la mtoto mzima, wangeona vile vile vichanga vimejipanga, wakarudisha kisu mfukoni.

Sasa nafika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo lahusu uhai wa watu.

Siku moja mpwa wangu na mimi tulikuwa njiani kwenda Biharamulo, tukapita kwa jamaa yetu katika kijiji kimoja kando ya barabara kuu. Tukakuta watu wamemzunguka mbwa aliyefungwa mtini. Taya lake la chini lilikuwa limelegea, kinywa kimebaki wazi, mate yanachuruzika, sauti imebadilika. Mwenyeji wetu, mzee wa heshima, alikuwa amekunja mkono wa shati. Akatuambia, "Mfupa umemkwama kooni. Nataka kuutoa."

Mpwa wangu akasimama mahali pale pale. "Shikamoo mzee. Nakuomba, usitie mkono wako. Je, mbwa huyu amechanjwa?"

"La."

"Ameumwa na mbwa mwingine karibuni?"

Mtoto akajibu kwamba mwezi uliopita mbwa mgeni alipita, akapigana naye.

Basi mambo yakadhihirika. Kichaa cha mbwa si kila mara hukimbia na kuuma watu. Mara nyingine hulegeza taya na koo, mbwa asiweze kumeza, akaonekana kama mwenye mfupa au mwenye kuumwa jino. Sumu ya ugonjwa imo katika mate. Anayetia mkono kutafuta mfupa, mwenye mchubuko mdogo tu kidoleni, amejipaka mauti. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa mtu, hapana dawa ya kutegemea. Karibu wote hufa. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2015, watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Mbwa yule alifungiwa, bwana mifugo akaitwa, na baada ya siku tatu akafa. Mtoto mmoja wa nyumba ile alikuwa amelambwa mkononi penye mkwaruzo. Walimwosha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akapelekwa hospitali siku ile ile kuanza sindano. Yu mzima hata leo. Mzee yule hakumgusa mbwa kinywani. Lakini tungalichelewa kidogo njiani, angalikuwa amekwisha kutia mkono.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, haya ndiyo niliyoyashika.

Kwanza, chanjo. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka. Hii ndiyo inayompa mganga ruhusa ya kufungua kinywa bila hofu. Wataalamu wasema mbwa 70 katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tunza kadi kama utunzavyo kadi ya kliniki ya mtoto.

Pili, mtazame mnyama wako akila, wala usimfungue kinywa. Dalili ya mvua ni mawingu. Anatafunia upande mmoja? Anaangusha chakula? Anajikuna uso kwa mguu? Kinywa kinanuka kupita kawaida? Amevimba chini ya jicho, uvimbe ukarudi mahali pale pale? Paka ameacha panya na anataka vitu laini tu? Haya ni maneno ya mnyama asiyeweza kusema. Mwite bwana mifugo, umweleze.

Tatu, mnyama akidondosha mate, taya likalegea, sauti au tabia ikageuka, usimsogelee. Mtenge na watoto, ukamwite bwana mifugo. Mtu aliyeumwa au kulambwa penye jeraha aoshe kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kungoja kuona kama ataugua ni hatari.

Nne, usimpe mnyama dawa zako. Vidonge vya parasetamo, ambavyo sisi twavimeza kwa kichwa, humwua paka. Hata kidonge kimoja chaweza kutosha.

Tano, usiruhusu koleo kinywani mwa mbwa wako kabla ya kuuliza: jino hili lina mizizi mingapi, na utajuaje kama yote imetoka? Mganga mwema hatakasirika kwa swali hilo. Na kama siku moja utakuwa mjini penye mashine, nawe una uwezo, uliza kama picha itapigwa kabla ya kung'oa na baada ya kung'oa.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa siku zile. Tangazo likifika kijijini kwenu, mtieni mbwa kamba, na paka kapuni, mwapeleke. Na mkifika kwa bwana mifugo, mwambieni jinsi mnyama wenu anavyokula. Safari ni moja, na maswali mawili yatapata jibu.